Mtoto Anaogopa Sindano: Namna ya Kumwandaa Kuanzia Nyumbani Mpaka Atoke Chumba cha Chanjo

Kila wiki naulizwa maswali yale yale. Mama ana mtoto wa miaka minne, akiona koti jeupe tu anapiga mayowe mpaka anatapika, afanyeje? Baba anataka kujua kama kuna ubaya kumwambia mtoto wanakwenda kununua mkate, kumbe wanaelekea zahanati. Bibi anauliza kama ni sawa watu wanne wamkamate mjukuu wake ili mradi sindano ipite. Mimi ni muuguzi, kazi yangu ni chumba cha chanjo na sindano, na majibu huwa nayatoa harakaharaka huku foleni inasubiri nje. Hapa nayaandika yote kwa nafasi.

Shika jambo moja tangu mwanzo. Mtoto halazimiki kuwa jasiri ndipo achomwe sindano salama. Linalotakiwa ni akuamini wewe uliyemleta. Anayemwamini mzazi wake anaweza kulia, na kulia si kosa, lakini atakaa. Aliyekwisha kudanganywa hakai hata umwahidi duka zima la pipi. Karibu kila hatua hapa chini ni ya kulinda imani hiyo.

Nimewalenga zaidi watoto wa miaka 2 hadi 12. Wachanga na wasichana wa chanjo ya shuleni nimewataja mahali pao.

KWANZA, IJUE SINDANO UNAYOIENDEA

Huwezi kumwandaa mtoto kwa jambo usilolijua mwenyewe. Fungua kadi ya kliniki usome. Hapa Tanzania mtoto anachomwa BCG, chanjo ya kifua kikuu, akizaliwa, juu ya mkono wa kulia. Wiki ya 6, ya 10 na ya 14 anachomwa pentavalenti (chanjo moja ya kukinga magonjwa matano) na ile ya nimonia (PCV) mapajani, na wiki ya 14 inaongezeka ya polio, kwa hiyo siku hiyo zinafika tatu. Surua-rubela ni miezi 9, kisha miezi 18.

Baada ya hapo mtoto anaendelea kupelekwa kliniki kupimwa uzito mpaka miaka mitano, na hapo ndipo wazazi wengi wanapojisahau. Mtoto wa miaka mitatu anatetemeka njia nzima kwa kuogopa kitu ambacho leo hakipo, na hakuna aliyemwambia. Mwambie kabla hamjatoka: "Leo ni mzani tu." Na iwe mzani tu kweli. Safari za namna hiyo ni dawa nzuri kuliko maneno, maana mtoto anaona kwa macho yake kwamba jengo lile si la kuchomwa tu.

Wasichana wana chanjo ya HPV, ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi. Tanzania ilianza mwaka 2018 kwa wa miaka 14, na mwaka 2024 ikapanuliwa, dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14. Kenya ilianza 2019 kwa wa miaka 10. Hii mara nyingi inatolewa shuleni, bila mzazi kuwepo, kwa hiyo maandalizi yote yafanyike nyumbani.

Halafu kuna zile za ugonjwa: kutobolewa kidole kupima malaria, kutolewa damu mkononi, kuwekewa kanula, yaani kimrija cha dripu kwenye mshipa. Uliza mapema ni ipi kati ya hizo, kwa sababu mtoto uliyemwandaa kwa kidole hatakuelewa akifungwa mpira mkononi.

Na hapa niseme wazi. Wazazi wengi bado wanaamini dawa bila sindano si dawa, na wanamwomba dokta "amchome hata moja tu apone haraka." Malaria isiyo kali inatibiwa kwa dawa ya mseto ya kunywa. Sindano ya artesunate ni ya malaria kali, au ya mtoto ambaye kila anachokunywa anakitapika. Tena sindano ya takoni kwa mtoto mdogo anayejirusha inaweza kugusa mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka mguuni, na wapo waliobaki wanachechemea kwa sababu hiyo. Kwa hiyo swali lako la kwanza kwa dokta liwe hili: "Je, ipo ya kunywa?" Kama ipo na inatosha, umemwepusha mtoto na maumivu na umeepusha hofu ya safari ijayo.

VITU VYA KUANDAA

- Kadi ya kliniki. Isomwe kabla.
- Nguo inayofunguka kirahisi. Mkono wa nguo uliolegea kama atachomwa begani, kaptura pana kama atachomwa pajani. Shati la mikono inayobana linamfanya mtoto aanze kupigana na nguo kabla ya kumfikia muuguzi.
- Kanga au kitenge cha kumfunika na kumkumbatia. Chukua ile anayoijua harufu yake.
- Kitu cha kupuliza: kititia cha karatasi au cha ukuti, au chupa ndogo ya maji ya sabuni na kijiti chake cha mapovu.
- Kitu anachokipenda: mwanasesere, gari, au katuni fupi iliyokwisha kupakuliwa kwenye simu. Usitegemee bando likubali ndani ya chumba cha sindano.
- Maji ya kunywa na kitu cha kula.
- Mtu mzima mmoja aliyetulia. Kama wewe mwenyewe ukiona sindano unaishiwa nguvu, si aibu. Aende baba, shangazi au dada anayemlea. Mtoto anasoma uso wako kabla hajasoma wa muuguzi.
- Kwa mazoezi ya nyumbani: pamba, plasta, na bomba jipya kutoka duka la dawa. Omba wakupe lisilo na sindano, au iondoe wewe mbele ya muuzaji na umwachie.

ONYO: Kamwe mtoto asichezee bomba lililookotwa, hata likionekana safi. Ukiliona jalalani au uwanjani, usiache watoto waliguse. Toa taarifa kituo cha afya kilicho karibu.

Kuna pia krimu ya ganzi yenye lidokaini, inayopatikana kwenye baadhi ya maduka makubwa ya dawa. Inapakwa mahali patakapochomwa saa nzima kabla. Inafaa kwa mtoto anayetolewa damu mara kwa mara. Muulize dokta au mfamasia kiasi cha kupaka, maana ikizidi kwa mtoto mdogo ina madhara, na hakikisha unajua ni sehemu gani itachomwa.

HATUA KWA HATUA

1. Iondoe sindano kwenye adhabu

"Endelea na utundu wako, nitakupeleka kwa dokta akuchome!" Sentensi hii imewaharibia watoto wengi kuliko sindano yoyote niliyowahi kuishika. Mimi mwenyewe nikiwa gengeni nanunua nyanya, sina koti wala trei, mtu anamwambia mwanawe: "Umemwona yule? Anakuja na sindano." Mtoto anaingia ndani ya kanga ya mama yake, anashika upindo kwa mikono miwili. Wiki mbili baadaye tunakutana chumba cha chanjo, na pale mimi si muuguzi tena, ni ile adhabu aliyoahidiwa.

Mkikubaliana wewe na mwenzako peke yenu haitoshi. Mwambie bibi, mwambie dada wa kazi, mwambie mjomba anayependa utani, na mwalimu wa chekechea pia. Nyumba nzima iache siku hiyo hiyo. Kama umekwisha kumtishia mara nyingi, mwambie mtoto: "Nilikuwa nasema dokta atakuchoma ukikosea. Si kweli. Sindano ni dawa, haichomwi mtu kwa sababu amekosea." Watoto wa miaka mitatu na kuendelea wanaelewa kabisa.

2. Muulize anaogopa nini hasa

Usidhani unajua. Wengine wanaogopa maumivu, ndiyo, lakini nimesikia mengi tofauti: kwamba damu itaisha, kwamba sindano itatokea upande wa pili, kwamba mama atatolewa nje mlango ufungwe. Wapo ambao ni ile harufu ya spiriti tu. Mtoto mmoja aliamini kila sindano aliyochomwa imebaki mwilini mwake, na sababu yake ilikuwa ya maana: hakuwahi kuona hata moja ikitoka, kwa kuwa kila mara alifunikwa macho. Nilimwonyesha bomba tupu na sindano yake nzima kabla sijaitumbukiza kwenye boksi la usalama. Akaiangalia kwa muda mrefu, kisha akauliza hizo nyingine zimekwenda wapi.

Asiyeweza kueleza mpe karatasi achore, au muulize mwanasesere wake anaogopa nini. Kisha jibu hilo alilosema, si lile uliloandaa wewe. Kwa dripu, kwa mfano, mwambie ukweli huu ambao hata watu wazima wengi hawaujui: sindano inatolewa mara tu ikishaingia kwenye mshipa, kinachobaki ni kimrija laini cha plastiki.

3. Mwambie ukweli, na umwambie kwa wakati wake

Mtoto wa miaka 2 hadi 4 mwambie asubuhi ya siku hiyo. Ukimwambia mapema mno, utakuwa umempa siku tatu za kulala na hofu. Wa miaka 5 hadi 7, jana yake inatosha. Mkubwa zaidi mpe siku mbili tatu ili aulize maswali na afanye mazoezi.

Sema kwa ufupi: nini, wapi, kwa nini. "Kesho tunakwenda kliniki. Utachomwa sindano moja mkononi ili usiugue. Nitakuwa nimekupakata."

Atauliza kama inauma. Jibu: "Ndiyo, kidogo, kama mtu akikufinya. Inaisha upesi." Ukisema haiumi na ikauma, amejifunza kwamba neno lako halina uzito palipo na maumivu. Lakini pia usizidishe upande wa pili. Mzazi anayerudiarudia "pole masikini, pole mwanangu, usiogope" kabla hata pamba haijatoka kwenye kopo anampa mtoto taarifa kwamba kuna jambo la kutisha linakuja. Sema mara moja, kwa sauti ya kawaida, kisha zungumzeni mengine.

4. Chezeni kliniki nyumbani

Dakika chache kwa siku zinatosha. Mgonjwa wa kwanza awe wewe. Mtoto akufute kwa pamba, akubonyeze kwa bomba lisilo na sindano, akubandike plasta. Wewe pumua, puliza kititia, sema "imeuma kidogo, imeisha." Kisha mwanasesere. Mwisho kabisa yeye, kama anataka. Asipotaka, usimlazimishe, kuwa dokta ni mazoezi tosha.

Ndani ya mchezo huo mfundishe mambo mawili ambayo yatamsaidia kweli. La kwanza ni kupuliza taratibu na kwa muda mrefu mpaka kititia kizunguke bila kusimama. La pili ni kulegeza mkono: akunje ngumi akaze, kisha aachie, uone vidole vinavyoning'inia. Msuli uliokazwa unauma zaidi ukichomwa, na mtoto hawezi kuulegeza kwa kuambiwa tu "legeza". Lazima awe ameshajua kulegea kukoje.

5. Asubuhi ya siku yenyewe

Anywe chai, ale, anywe maji ya kutosha, isipokuwa kama mmeambiwa aje na njaa kwa kipimo fulani. Mtoto mwenye njaa hana subira, na mwenye maji mwilini mishipa yake inaonekana kirahisi akitolewa damu.

Usimpe panadol (paracetamol) kabla ya chanjo ukitumaini itapunguza maumivu ya sindano. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipotoa mapendekezo yake ya mwaka 2015 kuhusu kupunguza maumivu ya chanjo, halikuliunga mkono hilo. Dawa hiyo ina kazi yake baadaye kama homa itapanda.

Foleni nayo ina madhara yake. Kinachomvunja mtoto nguvu si chumba, ni zile dakika za kukaa mlangoni akisikia wenzake wanalia ndani. Mwachie mama wa jirani akulindie nafasi, nenda mkae chini ya mti mbali kidogo, mrudi zamu ikikaribia.

6. Zungumza na muuguzi kabla mtoto hajakaa

Sentensi moja inatosha: "Sista, mwanangu anaogopa sana, naomba nimpakate mwenyewe." Huombi upendeleo. Unaturahisishia kazi. Unaweza pia kuomba bomba liandaliwe kabla mtoto hajaingia, ili asikae akitazama dawa inavutwa na hewa inatolewa. Na kama sindano ni zaidi ya moja, omba inayouma zaidi iwe ya mwisho. Ikianza hiyo, ya pili tutaipigania.

7. Mpakate, usimbane

Hatua hii ndiyo inayokosewa zaidi, kwa hiyo isome polepole.

Mtoto wa chini ya miaka mitatu apakatwe. Sindano ikiwa ya mkono, akae mapajani pako akikutazama, kifua chake kwenye kifua chako, miguu yake imezunguka kiuno chako. Mkono mmoja wa kwako unazunguka mgongo wake, mwingine unashika kwa upole kiwiko cha mkono utakaochomwa. Sindano ikiwa ya paja, mgeuze: mgongo wake kwenye kifua chako, miguu yake katikati ya mapaja yako, na wewe unayabana mapaja yako kidogo tu ili asirushe teke. Mikono yake iwe ndani ya kumbatio lako.

Wa zaidi ya miaka mitatu akae wima, mapajani pako au kwenye kiti wewe ukiwa ubavuni. Kumlaza chali na kumkandamiza kunamwongezea hofu, maana chini pale anaona nyuso tu zimemwinamia. Anayelazwa ni yule mwenye historia ya kuzimia.

Tofauti ya kumpakata na kumbana utaijua mikononi mwako. Ukimpakata, anaweza kupumua, kulia na kugeuza kichwa, lakini mkono au paja moja limetulia. Ukimbana, mwili mzima unapigana na wewe.

8. Sindano yenyewe

Mpe uchaguzi mdogo wa kweli: mkono upi, kuangalia au kutoangalia, katuni au kititia. Usimpe uchaguzi wa uongo. Ukimuuliza "uko tayari kuchomwa?" atasema hapana, nawe utachoma, na hapo umemwonyesha kuwa jibu lake halikuwa na maana.

Mara pamba inapofuta, aanze kupuliza. Wewe zungumza naye habari ya kile anachofanya: "Puliza, kisisimame, puliza tena." Usitangaze "inaingia, inaingia." Na ule ujanja wa kuhesabu "moja, mbili, tatu" halafu unachoma kwenye mbili, naomba tuuache, sisi wauguzi na nyinyi wazazi. Mtoto akihesabiwa hivyo siku moja, safari ijayo anaruka kwenye "moja."

Anayetaka kuangalia mwache aangalie. Wapo wanaotulia zaidi wakiona.

9. Baada ya kutoka sindano

Bonyeza pamba, usisugue. Mkumbatie. Akilia, alie. Kisha taja jambo alilolifanya vizuri kwa jina lake: "Uliachia ngumi vizuri sana, mkono ulitulia." Hilo analikumbuka. "Hongera" peke yake inapita.

Kama ulimwahidi biskuti, mpe. Mpe hata kama alilia. Ahadi ya "usipolia nitakununulia" inamwadhibu kwa jambo asiloweza kulizuia.

Kaeni kituoni dakika 15 baada ya chanjo. Nyumbani, sehemu iliyovimba wekea kitambaa safi cha maji baridi. Usikande kwa maji ya moto, usipake dawa ya meno wala majivu, na kidonda cha BCG kiache kama kilivyo, kitapona chenyewe. Homa ikipanda, paracetamol kwa kipimo cha uzito wake kama ulivyoelekezwa.

Jioni, rudieni habari ile pamoja: tulikwenda, ukapuliza, ikauma kidogo, ikaisha, tukala biskuti. Mtoto atakachokibeba mpaka safari ijayo ni hadithi anayojisimulia, na wewe unayo nafasi ya kuisimulia naye ikiwa bado mbichi.

KWA WACHANGA

Mnyonyeshe. Anza kabla, endelea sindano inapoingia, usimtoe baada. Muombe muuguzi asubiri mpaka ashike titi vizuri. Matone ya polio na ya rota (chanjo ya kuharisha) yatangulie, sindano zifuate. Usiwe na wasiwasi kwamba atapaliwa au atalichukia ziwa; hilo halitokei kama inavyohofiwa. Usimpe maji ya sukari yaliyoandaliwa nyumbani, maziwa ya mama yanatosha na kazi hiyo yanaifanya.

MAKOSA NINAYOYAONA SANA

"Mwanaume halii." Analia. Na akiambiwa asilie, anakaza mwili mzima kujizuia, sindano inauma zaidi.

Kumlinganisha na mdogo wake. "Mwone mwenzio hata hajalia." Mkija na watoto wawili, anzeni na yule mwenye hofu, asiwe na nafasi ya kuangalia na kusubiri.

Kumrekodi analia na kumweka kwenye status. Watu wanacheka, mtoto anaona. Naomba sana hili lisifanyike.

Kutoka nje kimyakimya ukimwachia muuguzi. Kaa. Kama huwezi kuangalia, tazama ukuta lakini mkono wako uwe juu yake.

YAKIKATAA

Anagoma mlangoni. Usimkokote. Rudini hatua chache nje, anywe maji, apulize kititia. Muingie wewe ukiwa umembeba, na mkae kwanza bila mtu kumgusa. Mara nyingi dakika tano zinaokoa nusu saa ya vita.

Ameshapandwa na hofu, anarusha mateke. Jiulize: ni ya lazima sasa hivi? Chanjo ya kwenye kadi inaweza kusubiri mpaka kesho au wiki ijayo, na kurudi siku nyingine si kushindwa; muulize muuguzi tarehe kabla hujaondoka, usiache ikapita. Malaria kali, degedege, kuishiwa maji, hayo hayasubiri. Hapo ashikwe imara na watu wanaojua wanachofanya, ifanyike upesi, wewe ukiwa kichwani kwake unaongea naye. Akitulia umweleze kwa nini ilibidi.

Anapata kizunguzungu au anazimia. Hutokea zaidi kwa wakubwa, wakiwemo wasichana wa HPV waliopanga mstari bila kunywa chai. Shinikizo la damu linashuka ghafla anapoona sindano au damu. Mlaze, inua miguu, legeza kola. Safari ijayo mfundishe hivi: akae au alale, akaze mapaja, tumbo na mkono usiochomwa kwa sekunde kama 10 hadi 15 mpaka asikie joto usoni, aachie kidogo, arudie mara tano. Hii inazuia shinikizo la damu lisishuke. Mwambie mwalimu mapema kwamba mtoto huyu huzimia, achomwe akiwa amelala na awe wa kwanza mstarini.

Kidole kinampa shida kuliko sindano. Omba atobolewe ubavuni mwa ncha ya kidole, si katikati ambako kunauma zaidi. Mpashe mikono joto kwanza kwa kuisugua au kwa maji ya uvuguvugu, damu itoke kwa tone la kwanza bila kukamuliwa.

Mshipa haupatikani. Wakishajaribu mara mbili bila mafanikio, una haki ya kusema: "Naomba tupumzike kidogo, au ajaribu mwingine mzoefu." Sema kwa adabu, lakini sema.

Muuguzi ni mkali. Wapo wenzetu wa hivyo, sitaficha, hasa foleni ikiwa ndefu na mtumishi yuko peke yake. Usigombane mbele ya mtoto. Omba kuzungumza na kiongozi wa zamu, na baadaye mganga mfawidhi kama haikusaidia. Mtoto mwambie: "Yule alikosea kukufokea. Hukufanya kosa."

Mtoto ana selimundu (sickle cell) au kisukari. Huyu atakutana na sindano maisha yake yote, kwa hiyo usimpeleke kwa mtindo wa "tumalize leo." Omba kliniki yake iandike mpango kwenye faili: anapakatwa vipi, mshipa upi hukubali, anapuliza nini, anatumia krimu ya ganzi au hapana. Wa kisukari achague mwenyewe leo ni tumbo au paja, na akifikia umri wa kuweza, aanze kushika kalamu ya insulini kwa msaada wako.

Hofu haipungui kabisa. Kama anakosa usingizi siku nyingi kabla, anaficha ugonjwa asipelekwe hospitali, au anazimia kila mara, mwombe dokta akupeleke kwa mwanasaikolojia wa hospitali ya mkoa au ya rufaa. Wakati mnasubiri, anzeni ngazi ndogondogo nyumbani, mkikaa kwenye kila moja mpaka asiogope tena: picha ya sindano, kisha kunusa pamba yenye spiriti, kisha bomba tupu mkononi, kisha kupita nje ya kliniki, kisha kuingia kumsalimia muuguzi na kutoka. Akikwama, rudini ngazi moja nyuma na mkae hapo siku chache zaidi.